Ufunguo Juu ya Vigae Vyeupe

Sogeeni, sogeeni, lakini msibanane sana, maana hadithi ya leo ikifika katikati mtaanza kutazamana kwa pembe ya jicho. Mwenye simu aiweke mfukoni. Mwenye neno alimeze kwanza, mwisho nitampa nafasi ya kulitema.

Palikuwa na mwanamke akiitwa Bi Kidawa, naye alikuwa na karakana ya batiki katika mtaa wa Kitopeni, pale ambapo kijito cha Kisebe kinapita nyuma ya nyumba za watu na kushuka kwenye bustani za mchicha. Wanawake kumi na mmoja walikula kwa karakana ile. Bi Kidawa mwenyewe hakujaliwa mtoto, ila alijaliwa jicho. Kwa jicho hilo aliona tofauti ya bluu na bluu nyingine ambayo mimi na wewe tungeapa ni moja, na kwa jicho hilohilo aliwashuku watu. Ukimwamkia kwa furaha, alijiuliza unataka nini. Ukimwamkia kwa kununa, alijiuliza umechukua nini.

Msimlaumu mbio mbio. Zamani alikuwa na shoga yake, wakila sahani moja, na shoga huyo akakaa karakanani miaka miwili akijifanya anasaidia kukoroga nta. Siku ya siku akahama, akafungua karakana yake ng'ambo ya kijito, na kitambaa cha kwanza alichoanika kilikuwa na ile rangi ya samli ambayo Bi Kidawa aliihangaikia nusu ya ujana wake. Tangu hapo vipimo vya rangi na mihuri ya mbao vikafungiwa stoo, na ufunguo wa stoo ukaning'inia shingoni mwa mwenyewe. Hata akioga.

Karakana hiyo ilikuwa na sheria moja. Kila mwanamke aliyeanza kazi aliambiwa sheria hiyo kabla hata hajaonyeshwa pa kutundika kanga yake: "Hapa kwangu, chochote kilicholowa rangi hakilali juani. Jua likipanda, funika." Na wala si ushirikina. Kitambaa kibichi ukikiacha kwenye jua la saa sita, jua linakula rangi, unabaki na tambara. Basi wale wanawake walikuwa wakifunika kama wewe unavyopepesa macho. Hawakuwaza. Jua likipanda, mkono wenyewe unavuta turubai.

Siku moja akaingia bwana mazingira, na chupa mbili mkononi. Moja aliijaza kijitoni, juu ya karakana, na maji yake yalikuwa meupe. Nyingine aliijaza chini ya karakana, na ndani yake mlikuwa na bluu ambayo Bi Kidawa aliitambua mara moja, kwa sababu aliichanganya mwenyewe Jumanne.

"Watu wa mchicha wamelalamika," bwana mazingira akasema. "Nakupa wiki tisa, mama. Nikirudi maji yako yakiwa bado hivi, naweka mnyororo getini."

"Na wanawake hawa je?"

"Ndiyo maana nimesema tisa. Nilitaka kusema tatu."

Alipoondoka, Bi Kidawa akawakusanya wale kumi na mmoja. Akaiangalia mikono yake, iliyobabuka kwa soda, kucha zimeshika bluu isiyotoka tena, akaushika ule ufunguo kifuani na kusema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Mtu ambaye bila yeye maji haya yasingesafika, huyo nampa ufunguo huu. Karakana, mihuri, vipimo, vyote vyake. Mimi nimechoka. Nimeapa mbele yenu."

Jamani, kiapo. Kiapo ni rahisi kukitoa, shida ni kukirudisha mdomoni. Wakaja watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza alikuwa Eliwaza, mtunza maabara wa sekondari ya kilimani. Kipaji chake kilikuwa kuvihoji vitu mpaka vikajibu. Alichota maji ya bluu katika chupa saba, kila chupa akaitia unga mweupe wa aina yake, akazipanga kwenye dirisha la maabara. Chupa sita hazikusema kitu. Ya saba, baada ya siku nne, bluu ikatoweka na unga ukatulia chini, mweupe vilevile. Wenye elimu wanauita unga huo dioksidi ya titani. Ndugu zake wamo kwenye rangi ya kupakia kuta na kwenye dawa ya meno, lakini ndugu hao wengi ni wavivu, kazi hii hawaiwezi. Eliwaza akaupata ule usio mvivu. Tena akasema unga ukiachwa uelee utakwenda na maji hadi kwenye mchicha, kwa hiyo ni lazima upakwe juu ya kitu na ushike hapo. Akausaga na maji na siki kidogo ukawa uji mwembamba.

"Na unafanyaje kazi?" Bi Kidawa akamuuliza.

"Unaivunjavunja rangi, Bi Kidawa. Vipande vidogo vidogo, mpaka isiwe rangi tena."

"Kwa nguvu ya nini?"

Eliwaza akafunga zipu ya begi lake. "Hiyo ni siri ya kazi. Ninachoomba ni meza ikae uwanjani, penye nafasi."

Hapo! Pakumbukeni hapo. Msichana yule naye alikuwa na kidonda chake: aliwahi kugundua sabuni nzuri, mwalimu mmoja akaipeleka kwenye maonyesho kwa jina lake mwenyewe. Kwa hiyo alijifunza kusema nusu ya jambo. Bi Kidawa akaitazama ile zipu, akaiandika moyoni.

Wa pili alikuwa Siwema, mtoto wa kaka yake Bi Kidawa, mfinyanzi. Kipaji chake kilikuwa moto. Uji wa Eliwaza ukiupaka kwenye kigae na kukianika tu, unatoka na kidole. Ukiuchoma kwa moto mkali, unashika kama ukucha lakini nguvu yake inakufa. Katikati ya hayo mawili pana njia nyembamba, na Siwema ndiye aliyeijua. Alichomeka msumari mrefu kwenye tundu la tanuri, kila mara akauvuta na kuukinga kivulini kwa kiganja. Ncha ikianza tu kuwa nyekundu, alizitoa kuni zote, akaliacha tanuri lipoe lenyewe. Alivunja vigae arobaini kabla ya kupata kimoja cha kumridhisha, akalia, akafuta kamasi, akaendelea mpaka vikafika themanini na vinne.

Lakini alichoma peke yake. Alizungushia tanuri mikeka.

"Siwema, fungua nione."

"Shangazi, nisamehe. Kaa hukohuko. Moto wangu hauangaliwi."

"Hata na mimi?"

"Hasa na wewe, shangazi. Wewe ukiangalia kitu, kinaharibika kwa woga."

Bi Kidawa akacheka, lakini ile mikeka nayo akaiandika moyoni.

Wa tatu alikuwa Fundi Mkude, fundi bomba, mtu wa makamo mwenye kofia isiyojulikana ilikuwa rangi gani ilipozaliwa. Kipaji chake kilikuwa kuyafanya maji yatii. Aliwaambia wenzake kwamba maji yakiwa na kina, yale ya juu yanapita juu ya kigae kama mtu asiyesalimia. Ni lazima kila tone liguse. Akaunda meza ya mteremko, akapanga vigae, na kule juu akalaza bomba alilolitoboa kwa sindano ya moto matundu mia na ishirini. Akalifungia koki. Maji yakatoka yakatandaa juu ya vigae, membamba kuliko kanga iliyolowa, yakashuka polepole mpaka kwenye pipa la chini, na wanawake wawili wawili wakawa wanayachota kwa ndoo na kuyarudisha juu yashuke tena.

Naye kila jioni alikichomoa kishikio cha koki, akakitia mfukoni, akaenda nacho nyumbani.

"Cha nini hicho, Mkude?"

"Watu wasichezee, dada."

"Watu gani?"

"Watu," akasema Fundi Mkude, akaweka kofia sawa.

Basi hesabu ya Bi Kidawa ikawa begi lenye zipu, mikeka, na mfuko wa suruali. Na bado, jirani mmoja akamnong'oneza kwamba Fundi Mkude alionekana ng'ambo ya kijito, kwa yule shoga wa zamani. Alipoulizwa akasema alikwenda kuziba bomba. Inawezekana. Mabomba yanapasuka. Lakini Bi Kidawa hilo nalo akaliandika moyoni.

Wiki tatu zikaisha kwa matayarisho, kazi ikaanza. Asubuhi maji ya bluu yakapandishwa juu. Eliwaza akaenda shuleni, Siwema akaenda kwenye tanuri lake, Mkude akaenda kwenye nyumba za watu. Wote watatu walikuwa wakirudi saa kumi na moja jioni. Na jua lilipopanda, wanawake wa karakana wakafanya walichofanya miaka yote. Wakavuta turubai, wakaifunika meza. Jioni, jua lilipolegea, wakalikunja.

Wewe unayetabasamu hapo pembeni, umeshajua. Nyamaza. Wao hawakujua.

Bluu iliyopanda asubuhi ndiyo bluu iliyoshuka jioni. Siku ya pili vilevile. Wiki ya pili vilevile. Sasa ndipo midomo ikaanza.

"Moto umeuua unga wangu," Eliwaza akasema. "Kuna mtu alizidisha kuni nyuma ya mikeka."

"Unga gani?" Siwema akamjibu. "Hiyo ni chaki ya ubaoni. Ulidhani sisi hatujasoma?"

"Maji yanashuka mbio mno," wakasema wote wawili, wakimgeukia Mkude.

"Haa! Mnataka maji yapande mlima ndiyo mridhike?"

Na Bi Kidawa akasimama katikati, hakumwamini hata mmoja. Usiniulize alifanya nini, aibu naona mimi. Alifunga uzi mwembamba mlangoni ajue nani anaingia. Alihesabu vigae kila asubuhi. Alimnusa Eliwaza begi alipokwenda kunawa. Alimtuma mwanamke mmoja amfuatilie Siwema sokoni, akarudi na habari kwamba Siwema amenunua nyanya. Bi Kidawa akauliza, "Nyanya ngapi?" Fikirieni mtu amefika hapo.

Wiki nne zikapita hivyo. Zilibaki wiki mbili geti lifungwe, na wale wanawake kumi na mmoja walianza kuulizana kwa sauti ya chini ni nani ana shamba la ndugu wa kwenda kulima.

Jumatano moja ya wiki ya nane, saa tano na nusu, Bi Kidawa alikuwa akipita kando ya meza na kuhesabu vigae vya ukingoni, vile ambavyo turubai halikuvifikia kwa sababu lilikuwa fupi upande mmoja. Kigae kimoja kilipinda tanurini, kikawa na shimo kama la kisosi, na ndani ya shimo maji yalikuwa yametuama tangu asubuhi.

Maji yale yalikuwa meupe.

Mnadhani alifurahi? Bi Kidawa? Alisema, "Nimewakamata!" Aliona picha nzima papo hapo. Kuna mmoja kati yao amemimina dawa ya kung'arisha nguo, anajaribia pembeni, siku ya bwana mazingira aimimine pipani, maji yawe meupe kwa udanganyifu, ufunguo auchukue yeye. Na sumu iende kwenye mchicha wa watu kwa jina la Kidawa! Akainamisha pua, akanusa. Hakuna harufu. Akasema, mjanja huyu, amepata isiyonuka.

"Chupa iko humu ndani," akawaambia wanawake wawili wa zamu. "Imefichwa chini ya turubai. Vuteni!"

"Lakini Bi Kidawa, jua limepanda."

"Nimesema vuteni!"

Wakavuta. Hapakuwa na chupa. Palikuwa na vigae themanini na vinne, na bluu ikiteremka juu yake, na jua la karibu saa sita limevipiga vyote kwa mara ya kwanza tangu vipangwe. Bi Kidawa akageuza ndoo, akaikalia. "Sitoki hapa. Nyie endeleeni kuyapandisha hayo maji. Aliyeficha atakuja kuchukua chake, na atanikuta."

Akakaa. Saa saba ikapita, jasho linamtiririka, macho hayabanduki mezani. Saa nane akadhani macho yamechoka, maana bluu ilikuwa kama imepauka. Akayafikicha kwa upindo wa kanga. Saa tisa ikawa rangi ya maji yaliyooshewa mchele. Saa kumi mmoja wa wale wanawake akachota pipani, akainua ndoo, akasoma kupitia maji kilichoandikwa kwenye kitako cha ndoo, neno kwa neno. Akaitua polepole.

"Bi Kidawa," akasema, "sisi miaka yote tunafunika ili jua lisile rangi."

Bi Kidawa alikuwa ameshaelewa kabla sentensi haijaisha. Furaha ilimjia, kweli, ilimjaa kifuani mpaka akashika ufunguo, lakini nyuma ya furaha ikaja aibu iliyo nzito zaidi. Wiki nne amewaita watu wezi. Wiki nne amehesabu nyanya. Na aliyeiba kazi yao kila siku saa nne asubuhi alikuwa yeye, kwa sheria yake mwenyewe, kwa turubai lake mwenyewe.

Saa kumi na moja wakaingia watatu. Wakaliona pipa. Na badala ya kupiga vigelegele, mnajua walifanya nini?

"Nani kamwaga dawa?" Eliwaza akauliza, akimwangalia Siwema.

"Unaniuliza mimi? Mwenye maabara ni nani hapa?"

"Mimi kishikio ninacho mfukoni," Mkude akasema, "mtu asiniguse."

Kama Bi Kidawa angenyamaza, wallahi asingejulikana. Angesema tu kazi imekubali, wangeamini baadaye. Alilifikiria hilo, msidhani hakulifikiria. Lakini alilikokota turubai mpaka katikati ya uwanja, akalitupa miguuni mwao.

"Mwizi wenu huyu," akasema. "Na bosi wa mwizi ni mimi. Nilikuwa nafunika meza kila siku jua likipanda, nyie mkiwa kazini. Nisameheni."

Siwema akaziba mdomo. Mkude akavua kofia, jambo ambalo halijapata kuonekana. Lakini Eliwaza ndiye aliyeketi chini, akaanza kulia.

"Unga ule unakula kwa jua," akasema. "Bila jua ni vumbi tu. Uliniuliza siku ya kwanza, Bi Kidawa, kwa nguvu ya nini. Ningesema neno moja. Jua. Neno moja tu, nikalifungia kwenye begi."

Siku ya sitini na ngapi sijui, nasema tu wiki ya tisa ilipofika, bwana mazingira akarudi na uso wa mtu aliyekuja kumfumania mtu. Hakuyataka maji waliyomwandalia. Alichanganya bluu yake mwenyewe, akaipandisha mezani, akakaa juani mwenyewe kutoka asubuhi mpaka saa kumi. Yalipokuwa meupe, naye akashuku dawa ya kung'arisha. Bi Kidawa akamletea kipande cha kitambaa cha bluu, wakakichovya ndani ya yale maji, wakakiweka kivulini chini ya bakuli. Kama mna dawa, kitambaa kitapauka. Kesho yake wakafunua, bluu imekaa kama ilivyoingia.

"Rangi kutoweka si mwisho wa mambo," Eliwaza akasema, hakuwa tena na nusu ya jambo. "Chukua maji ukayapime na vile visivyoonekana."

Akachukua. Siku sita baadaye karatasi ikarudi na muhuri: maji yale si ya kunywa, lakini bustani yanaifaa. Geti halifungwi. Bwana mazingira atapita kila mwezi kuhakikisha. Wale wanawake kumi na mmoja walipiga vigelegele mpaka ng'ambo ya kijito watu wakatoka nje kuchungulia.

Vigelegele vilipokwisha, macho yote yakaenda shingoni mwa Bi Kidawa.

Eliwaza akasogea. "Kulikuwa na unga wa aina saba. Bila mimi mngepaka chokaa mpaka leo. Na mipako hii haidumu milele; masika yakipita itahitaji kupakwa upya, na kipimo cha ule uji ninacho mimi."

Siwema akasogea. "Uji wake bila moto wangu unatoka na kidole. Vigae vitapasuka, shangazi, ni vigae hivyo. Atakayechoma vingine ni nani? Wala sitaki upendeleo wa damu, nataka haki yangu."

Fundi Mkude hakusogea. Alitia mkono mfukoni, akatoa kile kishikio cha koki, akakigeuzageuza kidogo kwenye kiganja, akakirudisha. "Mimi sina maneno mengi, dada. Unga na vigae vilikuwapo. Bila mteremko wangu maji yangepita hayajasalimia."

Hakuna aliyetisha. Kila mmoja alisema kwa adabu kabisa, na hapo ndipo Bi Kidawa alipoogopa.

Maana alianza kupima. Akimpa Eliwaza, amempa msichana ambaye neno moja lake lililofichwa lingewamaliza wanawake kumi na mmoja. Akimpa Siwema, mtaa mzima utasema mchezo ulipangwa, mtoto wa kaka kabebwa, na ile mikeka bado haijafunguliwa mpaka leo. Akimpa Mkude, Mungu ndiye ajuaye kile kibomba cha ng'ambo kilipasuka kweli au hakikupasuka. Akimpa yeyote mmoja, wawili wanaondoka na kilicho chao, na mwezi ujao bwana mazingira anakuta bluu.

"Si uwape wote watatu?" mwanamke mmoja akauliza.

"Watatu hawa hawa?" Bi Kidawa akasema. "Si ndio waliokaa na kitu kimoja wiki nne, kila mtu kashika kipande chake, mpaka meza ikafa katikati yao? Na mimi niliapa kumpa mtu, sikuapa kumpa kikao."

Mwanamke wa zamu, yule aliyeinua ndoo, akakohoa. "Basi mimi nasema ufunguo ubaki kwako. Bila wewe kulitoa turubai, yasingesafika."

"Bila yeye kuliweka, yangesafika siku ya kwanza," mwenzake akadakia.

"Alilitoa kwa kutafuta mwizi!"

"Sasa si alilitoa?"

Wakabishana. Bi Kidawa hakubishana. Aliinama, akauvua ule ufunguo shingoni, mara ya kwanza tangu shoga yake ahame. Hakumpa mtu. Akauweka juu ya vigae, katikati ya meza, maji membamba yakipita juu yake, akasema, "Mtu ambaye anajua moyoni mwake kwamba bila yeye yasingesafika, auchukue. Mimi naingia ndani."

Akaingia. Akafunga mlango. Kisha, mnamjua tena, akasogeza pazia kidogo, akaweka jicho.

Eliwaza alikuwa anamtazama Siwema. Siwema anamtazama Mkude. Mkude anautazama ufunguo, kisha mikono ya wale wawili. Hakuna aliyenyoosha mkono, maana wa kwanza kuunyoosha wangesema ndiye aliyekuwa akiutaka tangu mwanzo. Jua likapanda. Ufunguo ukawa unametameta. Na mmoja wa wale wanawake, kwa mazoea tu, akashika ncha ya turubai, akaita kuelekea dirishani:

"Bi Kidawa! Jua limekuwa kali. Tufunike?"

Hapo ndipo nilipowaacha, na ufunguo uko palepale unalowa. Sasa wewe uliyekuwa na neno, liteme: ungempa nani? Aliyeujua unga, aliyeujua moto, aliyeyajua maji, au aliyelitoa turubai kwa kuwashuku wote? Na ukishamtaja, uniambie pia wale wengine utawaangaliaje kesho asubuhi, watakapokuja kazini na vipande vyao mifukoni.